Mshindwa wa Mara Sita

Tangu nchi yetu ilipourudia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 kuna msemo mmoja unaonikera masikioni, nao ni "mgombea wa kudumu". Huusikia barazani, kwenye basi, hata nje ya kanisa watu wanapoagana baada ya ibada, na kila mara husemwa kwa kicheko. Mtu akisimama mara ya kwanza akashindwa tunamwonea huruma. Akisimama mara ya pili tunamshangaa. Mara ya tatu tunamcheka, na mara ya nne tunaulizana kama ana akili timamu au kuna mtu anayemlipa. Rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye huja kwangu jioni kucheza bao, huniuliza: "Mwalimu, mtu aliyekataliwa mara zote hizo hana haya?" Kabla sijamaliza kumjibu huwa amekwisha kunila kete, na hoja inaishia hapo. Leo sina bao mbele yangu. Nitajibu.

Nataka kumtetea mtu wa namna hiyo, na ili nisishukiwe kwamba nampigia debe mwanasiasa wa hapa kwetu, nitamchukua wa mbali, tena aliyekwisha kufa. Jina lake ni Norman Thomas. Aligombea urais wa Marekani mara sita mfululizo, mwaka 1928, 1932, 1936, 1940, 1944 na 1948, kwa tiketi ya Chama cha Kijamaa, na mara zote sita alishindwa vibaya.

Habari zake nilizipata kwanza Januari 1969, shule zilipofunguliwa, nikiwa naingia kidato cha nne. Tulikuwa na mwalimu kijana wa Kimarekani, mmoja wa wale waliokuja kujitolea. Alituambia kwamba mwezi uliopita, Desemba 19, kwao alikufa mzee mmoja Mjamaa aliyegombea urais mara sita. Darasa zima lilicheka. Lilicheka kwa sababu mbili. Kwanza, kusikia kwamba Marekani kuna Mjamaa kulikuwa kama kusikia kwamba kuna papa katika Ziwa Manyara. Sisi tulikuwa watoto wa Azimio la Arusha, lenye umri wa miaka miwili tu, na tulidhani ujamaa ni mali yetu pamoja na Wachina na Warusi. Pili, mara sita! Tokea siku ile mwenzetu mmoja, aliyekuwa ameomba uchaguzi wa kiranja mara mbili bila kufanikiwa, aliitwa Tomasi, na jina hilo alitoka nalo shuleni. Nami nilicheka na kumwita hivyo. Nilikuja kumsoma vizuri mzee huyo miaka miwili baadaye, nikiwa Chuo cha Ualimu Mpwapwa, katika kitabu cha Kiingereza kilichokuwa kimekatika jalada, na tangu hapo nimemsoma kila nilipoweza.

Alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Marion, jimbo la Ohio, mtoto wa mchungaji wa Presibiteri. Akiwa mvulana alipata fedha zake kidogo kwa kusambaza gazeti la mji huo, na mwenye gazeti alikuwa Warren Harding, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. (Historia ina mchezo wake: Harding huyo huyo ndiye aliyemtoa gerezani, Desemba 1921, Eugene Debs, Mjamaa mwingine aliyegombea urais mara tano, mara ya tano akiwa amefungwa gerezani Atlanta kwa kuipinga vita, na bado akapata kura zaidi ya laki tisa. Debs alikufa mwaka 1926, na nafasi yake ndiyo iliyochukuliwa na yule mvulana wa magazeti.) Thomas alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, akamaliza mwaka 1905, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1911, akapewa usharika East Harlem, New York, mtaa wa wahamiaji maskini. Angeweza kupata kanisa la matajiri, lenye viti vya mto. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika akakataa kuibariki. Ndugu yake alifungwa kwa kukataa kushika bunduki. Mwaka 1918 akajiunga na Chama cha Kijamaa na kuuacha usharika wake. Nyumba yao, kwa kiasi fulani, iliendeshwa kwa urithi wa mkewe, na mama huyo alifuga mbwa wa kizungu na kuwauza ili kuongeza kipato. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba kila anayegombea daima amepata mahali pa kula. Huyu alikula kwa mbwa wa mkewe.

Sasa tuzitazame kura, kwa maana mwenzangu wa bao hupenda tarakimu. Mwaka 1928 alipata takriban 267,000. Mwaka 1932, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi na watu wenye elimu zao walipanga foleni ya mkate, alipata takriban 884,000, nazo hazikufika hata kura tatu katika kila mia. Roosevelt alipata zaidi ya milioni 22. Mwaka 1936 Thomas aliporomoka hadi kura kama 188,000, kisha 117,000, kisha mwaka 1944 kura 79,000 tu katika nchi nzima kubwa kama ile. Mwaka 1948 alipanda kidogo, kama 140,000, akaona basi. Hakuwahi kupata jimbo hata moja.

Msomaji atasema: "Umeniwekea ushahidi dhidi ya mteja wako." Subiri.

Wapo watetezi wake wanaotoa jibu jepesi, na jibu hilo napenda kulipinga kabla sijatoa langu. Wanasema: Thomas hakushindwa hata kidogo, kwa sababu yale aliyoyadai mwaka 1932 aliyatekeleza Roosevelt. Ni kweli kwamba ilani ya Wajamaa ya mwaka huo ilidai malipo ya uzeeni, bima ya wasio na kazi, kazi za umma na kukomesha ajira ya watoto. Ni kweli pia kwamba mwaka 1935 ilitungwa sheria ya hifadhi ya jamii, na mwaka 1938 sheria ya kima cha chini cha mshahara na kuzuia kazi za watoto. Kwa hiyo, wanasema, mshindi aliiba sera, nchi ikafaidika, na mzee akafa ameridhika.

Hakuridhika! Alipoambiwa kwamba Roosevelt ameitekeleza ilani ya Wajamaa, alijibu kwamba labda ameibeba kwenye machela. Katika Kiingereza neno moja hubeba maana zote mbili, kutekeleza jambo na kumtoa mtu nje akiwa amebebwa, kwa hiyo utani wake hautafsiriki sawasawa, lakini maana ni wazi: ilani ilitolewa nje kama mgonjwa mahututi. Naye alikuwa na sababu. Ile sheria ya mwaka 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na katika majimbo ya Kusini hao walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi. Kabla ya hapo, mwaka 1933, serikali ilianza kuwalipa wenye mashamba ili wapunguze kilimo cha pamba bei ipate kupanda. Bei ilipanda. Lakini mwenye shamba akipunguza pamba hana haja tena na mpangaji anayelima kwa kugawana mavuno, basi familia nzima nzima zikatolewa vibandani na vyombo vyao vikawekwa kando ya barabara.

Katika miaka ile nani alikwenda kuwaona? Mwaka 1934 wapangaji wa Arkansas, weupe na weusi pamoja, jambo lililokuwa hatari kubwa mahali pale, waliunda chama chao katika mji mdogo wa Tyronza. Thomas alikuwa miongoni mwa waliowatia moyo, akawasemea Washington mpaka wakubwa wakachoka na sauti yake. Mwaka 1935 alikwenda kuhutubia mahali paitwapo Birdsong. Alipoanza tu kusema, watu wa wenye mashamba, wengine wana silaha, walimshusha jukwaani kwa nguvu na kumfukuza wilayani. Wale wapangaji wengi hawakuwa na kura ya kumpa, maana Kusini kodi ya kura na vitisho viliwazuia weusi na maskini wengi weupe kupiga kura. Mwanasiasa anayetafuta kura haendi kwa watu wasio na kura. Nalisema hili polepole ili mwenzangu wa bao alisikie.

Mwaka 1938 alikwenda Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, mji uliotawaliwa na meya Frank Hague kama shamba la babake. Hague alikuwa amewazuia watu wa vyama vya wafanyakazi kufanya mikutano. Thomas alifika kuhutubia, polisi wakamkamata, wakampandisha kivuko na kumrudisha New York kama mzigo uliokosewa anwani. Akarudi tena. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya wafanyakazi hao kwamba meya hana mamlaka ya kuwafungia watu viwanja na barabara wasikutane.

Lakini kama ningeruhusiwa kutaja jambo moja tu, ningetaja mwaka 1942. Japani ilikuwa imeshambulia Bandari ya Pearl Desemba 1941, na Februari 19, 1942 Roosevelt akatia saini amri iliyofungua njia ya kuwahamisha Wajapani wa pwani ya magharibi. Watu wapatao 120,000, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, walipelekwa kwenye kambi zenye seng'enge, pamoja na bibi vizee na watoto wa chekechea. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Magazeti yalishangilia. Waungwana wa mrengo wa kushoto walinyamaza kwa kuwa Rais alikuwa wao. Hata katika chama cha kutetea haki za kiraia, ambacho Thomas alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, walio wengi katika uongozi hawakutaka kuipinga amri yenyewe. Thomas aliipinga kwa mdomo, na mwaka huo huo akaipinga kwa kijitabu. Miaka miwili baadaye akaenda kwa wapiga kura nao wakampa zile 79,000, idadi ndogo kuliko zote alizowahi kupata. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria rasmi na kuamua kumlipa kila aliyefungwa na bado hai dola 20,000. Thomas alikuwa amelala kaburini miaka karibu 20.

Hesabu hiyo inahesabiwaje? Hilo ndilo swali langu kwa wanaocheka. Mwaka 1944 palikuwa na mamilioni waliopiga kura ya ushindi na watu 79,000 waliopiga kura ya kupoteza, na mintarafu ya kambi zile waliopoteza ndio waliokuwa na haki.

Sitaki kumfanya malaika. Mei 1941 alisimama jukwaa moja na rubani maarufu Charles Lindbergh, New York, katika mkutano wa watu waliotaka Marekani ikae nje ya vita, na miongoni mwa watu hao walikuwemo waliokuwa na uchungu mdogo sana juu ya yaliyokuwa yakiwapata Wayahudi wa Ulaya. Nia yake ilikuwa ya mpenda amani, lakini mchungaji aliyesoma kama yeye alipaswa kutazama kushoto na kulia kabla ya kukaa. Hakuwa pia kiongozi hodari wa chama. Mwaka 1936 wazee wa chama walijitenga, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakakimbilia kwa Roosevelt, na yeye hakuweza kuwazuia wala kuwapatanisha. Yapo pia maneno kwamba alipenda mno jukwaa. Inawezekana. Mwalimu gani hapendi ubao? Lakini baada ya mwaka 1948 yeye mwenyewe ndiye aliyewashauri wenzake waache kusimamisha wagombea wa urais. Hawakumsikiliza, na mwaka 1952 mgombea wao mwingine alipata kura kama 20,000. Basi yule aliyeitwa king'ang'anizi ndiye aliyejua wakati wa kuachia.

Martin Luther King aliandika makala juu yake mwaka 1965, na katika kichwa cha makala alimwita mtu jasiri kuliko wote aliopata kukutana nao. King alikuwa amekutana na watu jasiri wengi. Na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 81, na macho na miguu vimeanza kumchoka, Thomas alisafiri hadi Jamhuri ya Dominika kushuhudia uchaguzi wa watu wengine ukihesabiwa.

Hapo kwenye kuhesabu ndipo ninapopaswa kusema la kwangu, ambalo sijalisema mbele ya bao.

Vijana wa leo hawajui uchaguzi wetu wa chama kimoja ulivyokuwa. Wabunge walishindana wawili wawili, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba, na ushindani ulikuwa wa kweli, mawaziri waliangushwa. Lakini kwa urais mgombea alikuwa mmoja, na mpiga kura alichagua kati ya Ndiyo na Hapana. Mwaka 1980 nilikuwa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma na nilisimamia kituo, maana walimu wakuu ndio tuliokuwa na kalamu. Usiku tulihesabu kwa taa ya karabai katika darasa la tano, wadudu wakianguka juu ya karatasi. Ndiyo zilikuwa mamia. Hapana zilikuwa tisa.

Kiongozi mmoja aliyekuwapo alizitazama zile tisa, akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza: "Mwalimu, hawa ni akina nani?" Nilijibu kwamba kura ni ya siri. Jibu lilikuwa sahihi na nililitoa kwa ujasiri. Lakini usiku ule nilipolala sikulala na jibu langu, nililala na swali lake. Nikaanza kuwapanga watu. Nikafika kwa mwalimu kijana mmoja wa shule yangu, ambaye katika semina za siasa alikuwa na tabia ya kuuliza kwa nini duka la kijiji halina sukari na la bwana fulani inayo. Nikasema moyoni: huyu ni mmoja wa tisa. Miezi michache baadaye nilitakiwa kupeleka jina la mwalimu mmoja kwa ajili ya kozi ya kupanda daraja. Yeye ndiye aliyestahili. Nilipeleka la mwingine. Hakuna aliyeniamuru. Mpaka leo sijui alipiga kura gani, na sikuwa na haki ya kujua.

Msomaji ataona kwa nini sicheki tena. Wanaocheka mgombea anayeshindwa daima hudhani wanamcheka yeye peke yake, kumbe wanawaambia na wale tisa, au wale 79,000, kwamba wao ni upuuzi, wakae kimya, au waje upande wenye watu. Tumeona matunda ya fundisho hilo. Kati ya mwaka 2017 na 2019 madiwani na hata wabunge wa upinzani waliviacha viti walivyopewa na wananchi, wakahamia chama tawala wakisema wanaunga mkono juhudi, na baadhi yao wakarudi kugombea viti vile vile kwa shati jingine. Uchaguzi mdogo ukafanywa kwa fedha za umma. Nchi haikuwaita hao vichekesho, iliwaita watu wenye kusoma alama za nyakati. Anayebaki na msimamo wake miaka 20 ndiye mwenda wazimu!

Nilifundisha miaka 40. Niliwaona watoto walioshindwa mtihani wa darasa la saba wakarudia, wengine kwa majina ya kuazima, na wazazi wao wakauza mbuzi ili warudie tena. Hatukuwacheka. Tuliwaita wenye bidii. Kwa nini bidii iwe sifa kwa mtoto anayetafuta nafasi yake mwenyewe, na iwe aibu kwa mtu mzima anayewatafutia wengine haki? Siungi mkono kila king'ang'anizi. Wapo wanaogombea kwa ajili ya ruzuku, na wapo ambao sera yao ni jina lao tu. Hao wachekwe. Lakini kwanza wasikilizwe wamesema nini, wapi, na mbele ya nani, kisha ndipo zihesabiwe kura.

Yule mwalimu kijana alikuja kuhamishiwa Singida, akapanda daraja kwa njia yake mwenyewe akiwa amechelewa miaka sita, na ameshastaafu huko. Nimemwandikia barua mbili. Ya kwanza nilizunguka zunguka, hakujibu. Katika ya pili nilieleza jambo lile kama nilivyolieleza hapa. Alijibu baada ya miezi miwili, kwa mwandiko wake ule ule wa kuinamia kulia, akanisalimu, akanipa habari za wajukuu, akauliza kama miembe tuliyoipanda nyuma ya ofisi bado inazaa. Jambo lile hakuligusa.